Umepigwa na Mtu, ama Umepigwa na Kitabu?

Wasee wa chesi, leo nasema kitu itakasirisha wengine. Kumshinda mtu kwa hatua kumi ulizokariri YouTube haimaanishi umemshinda akili. Pengine ni kitabu tu kimeshinda.

Waliotengeneza programu za chesi wanajua hii stori kitambo. Programu inaweza kupewa "kitabu cha ufunguzi", yaani faili ya hatua za mwanzo zilizochaguliwa mapema. Mchezo ukiwa bado kitabuni, mashine haifikirii. Inasoma, inacheza, na dakika zake zinabaki. Hiyo si faida ndogo. Tarehe 11 Mei 1997, katika mchezo wa sita, Deep Blue ya IBM ilimtoa farasi wake kafara dhidi ya bingwa wa dunia, Garry Kasparov. Hatua hiyo ilitoka kitabuni. Kasparov akasalimu amri kabla ya hatua ya 20.

Lakini kitabu kikiwa na hatua mbovu, mashine itaicheza bila kuuliza. Na kikiisha, inabaki na akili yake tu. Mwaka wa 2017 AlphaZero ilipewa sheria za mchezo pekee, ikajifunza kwa kucheza na yenyewe. Kisha ikacheza michezo 100 na Stockfish: ikashinda 28, sare 72. Hata hapo watu walilalamika ati Stockfish ilinyimwa kitabu.

Ndiyo maana wanaopima programu kwa makini huzipa zote mbili ufunguzi uleule, kisha zinabadilishana rangi. Bila hivyo unapima vitabu, na nguvu halisi ya programu huijui.

Sasa leta hiyo Turkana. Kakuma, wasichana kambini wamefunzwa chesi kupitia mradi wa FIDE, UNHCR na Lutheran World Federation ulioanza 2021. Vipaji viko. Lakini tuseme mtoto wa Kataboi, ambaye bando lake ni hela ya samaki, amekaa mezani na mtoto wa Nairobi mwenye kocha wa kulipwa. Akianguka kwa mtego hatua ya nane, tumepima nini? Halafu tunarudi nyumbani tukisema "watu wa huko hawawezi." Manze, hiyo si haki. Mashine tunazitendea haki kuliko watoto wetu.

Wanaoandaa mashindano, ongezeni basi kitengo kimoja cha Chess960, ule mtindo wa Bobby Fischer ambapo vipande vya safu ya nyuma hupangwa kwa bahati nasibu. Hapo kukariri hakusaidii sana. Ama kila jozi icheze mara mbili, ufunguzi mmoja, rangi zikibadilishwa.

Na wewe wa Kataboi, Kalokol ama Lodwar: Stockfish ni ya bure, na ikishaingia kwa simu inacheza bila intaneti. Jua hatua chache za mwanzo na sababu zake. Muda uliobaki, piga mazoezi ya mitego na miisho. Kitabu huisha. Ukifika hapo, mpinzani wako naye atalazimika kufikiria.

Unapinga? Niambie hapo chini.