RILI SI PAMBO LA STOO

Ndugu wanaushirika,

Rili nne tulizonunua kwa fedha ya ushirika wetu zimelala stoo tangu kaskazi ilipokwisha. Sasa kusi imeshika, mitumbwi imepandishwa mchangani, na kule kijiweni maneno ni mengi. Nayajibu hapa ukutani, maana kwenye mkutano wenye maneno hayo huwa mabubu.

Wa kwanza wanasema eti rili ni mbovu. Ubovu gani? Mtu anaichukua siku ya kwanza, anakwenda nayo mwambani moja kwa moja, anatupa kwa nguvu zote kama anayeua nyoka. Mshipi unafumuka, unajifunga mafundo, anaukata kwa kisu. Anairudisha stoo, "Katibu, mashine imekufa." Haikufa! Rili ya namna hii gurudumu lake lenyewe ndilo linalozunguka wakati wa kutupa. Chubwi inatoka kwa kasi, halafu huko hewani inapunguza mwendo, hasa ikikutana na upepo wa mbele. Lakini gurudumu halina habari, linaendelea kuzunguka na kutoa mshipi ambao hauna wa kuuvuta. Huo ndio unaofunga mafundo. Dawa yake ni kidole gumba. Kabla ya kutupa unakaza kidole juu ya gurudumu. Fimbo ikipita kichwa unakilegeza, lakini hukiondoi: kinagusa mshipi kidogo kidogo njia nzima, na chubwi ikitua majini unakaza palepale. Tena usishtue mkono. Fimbo ipelekwe taratibu, mwendo uongezeke wenyewe. Anayeanza atupe karibu, siyo kushindana.

Mambo haya hayaingii mkononi kwa kusoma tangazo hili. Ni kurudia, kutwa mara hamsini. Ndiyo maana tulisema tujifunzie uwanja wa mpira, chubwi tupu bila ndoana, watu wasisimame nyuma ya mtupaji. Basi wakubwa wazima wakaona haya! Eti kuvua nchi kavu ni wazimu, watoto watacheka. Ndugu zangu, mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wenye mvi walishika chaki mbele ya wajukuu wao. Na mimi ninayeandika haya, kalamu nimeijulia darasa la kisomo, watoto wangu wakinichungulia dirishani. Walicheka, wakachoka.

Wengine wanataka tuuze rili tununue juya la kukokota. Hao nawaambia wazi: juya hilo sheria inalikataza, na linazoa hata samaki wachanga ambao tungewavua mwakani. Baruti nayo imekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, lakini kila kusi ikikaza wapo wanaoinong'ona. Kwa nini? Kwa sababu mtumbwi hautoki na deni la dukani linapanda. Hapo ndipo rili ina kazi. Ukisimama mwambani na fimbo, chubwi inavuka mawimbi yanayovunjika, inafika penye kina ambako kolekole na chewa wanapita. Mshipi wa kutupa kwa mkono haufiki huko. Mwenye kujua kutupa anapata kitoweo bila kumwomba mtu mtumbwi.

Na wapo wawili watatu wanaojua! Walijifunza kwa watu wenye boti za wageni, wakirudi hapa wanakwenda usiku peke yao, ukiwauliza wanasema "ni bahati tu." Bahati gani hiyo ya kila usiku? Ujuzi wa kuficha hivyo ni unyonyaji kama unyonyaji mwingine.

Akina mama wa kikundi cha pweza wameomba nao wafundishwe. Wanaume fulani wamenuna. Waendelee kununa. Rili zimenunuliwa kwa hisa za wote, na kidole gumba kila mtu anacho.

Jumamosi baada ya Alasiri, uwanja wa mpira. Majina yaandikwe kwa mtunza stoo kabla ya Ijumaa. Atakayetoka na rili baharini aioshe kwa maji ya kisima kabla ya kuirudisha, chumvi inakula chuma. Aliyekata mshipi kwa kisu anafahamika, alete mwingine.

Katibu wa Chama, Tawi