Aage Vizuri

Wale vijana wa shati jeupe na kibao cheusi cha jina kifuani, wanaotembea wawili wawili mitaani Nairobi, ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wa kiume hutumika miezi 24, wa kike 18. Nawahurumia zaidi wanapokaribia kurudi kwao. Kijana aliyekuja hajui kula kwa mkono sasa anamega ugali, anaubonyeza kwa dole gumba na kuchotea mchuzi bila kudondosha, na watoto wa ploti nzima anawajua kwa majina. Lakini ratiba inamtaka ahubiri hadi mwisho. Tangu 2019 anaruhusiwa kuwapigia wazazi simu kila wiki, kwa hiyo hawatakuwa wageni kwake atakaporudi. Kinachouma ni kuwaacha wa huku. Viongozi wake wampe nafasi ya kuaga nyumba kwa nyumba, akae, anywe chai, aulizwe atarudi lini. Nasi tuliomkaribisha tumwalike chakula mapema, maana wiki ya safari ni ya mizigo na vikao.