Malazi ya Msafiri Asiye na Gari

Wako watu wasemao kwamba nyumba ya wageni iliyo nzuri ndiyo imfaayo kila msafiri. La, sivyo. Mtu atokaye Mchukwi kwenda Mafia, naye hana gari, hupanda chombo Nyamisati. Na chombo hufuata maji, ambayo saa ya kujaa kwake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Akilala kando ya barabara kuu kwa ajili ya kitanda kizuri, na gari la asubuhi likachelewa, ataachwa, naye atatoa fedha za siku ya pili. Afadhali alale Nyamisati, hata katika chumba kidogo. Lakini usiku ukimkuta njiani, na alale penye watu. Mwenye gari huchagua kitanda. Asiye nalo huchagua kwanza njia.