Hedifoni zina mabwana wawili!

Leo sina habari za mavazi wala za nani kamwagana na nani. Nina ugomvi na hedifoni.

Jumanne mdogo wangu wa kike alikuwa na intavyuu kwa njia ya kompyuta. Kazi yenyewe ni ya kupokea simu za wateja, yaani sauti ndiyo kila kitu. Binti kajipara, kajifungia chumbani kwangu, mbele ya kompyuta yangu ya mezani, na hedifoni zangu zisizo na waya. Usiku wake tulijaribu, mambo bomba. Asubuhi mimi, kwa ujuaji wangu, nikaziunganisha na simu ili nisikilize muziki huku napiga pasi. Saa nne kasoro dakika tano nikazirudisha kwenye kompyuta.

Ebwana eh, kasheshe! Sauti ikawa kama redio iliyoangukia kisimani. Mabosi wanauliza, "Haloo, dada, upo?" Anawasikia kwa mbali, wao hawamsikii kabisa. Kompyuta ilikuwa imehamia kwenye tundu la maiki la nyuma, ambalo halina kitu!

Nimechimba, nikaelewa. Bluetooth (jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, eti aliyeunganisha watu, mimi aliniachanisha) hupitisha sauti kwa njia mbili. Moja ni ya muziki: stirio, safi, lakini bila maiki. Nyingine ni ya maongezi: maiki inafunguka, ila sauti inabanwa, inakuwa nyembamba. Windows 10 inazionyesha kama vifaa viwili, kimoja Stereo, kingine Hands-Free. Windows 11 imeviweka pamoja, lakini ukifungua maiki sauti bado inaweza kushuka. Ukiunganisha upya, kompyuta inaweza kujichagulia yenyewe, na programu ya simu nayo ina chaguo lake pembeni. Na wewe mwenye kile kidude cha USB, ukikihamishia tundu jingine mashine inaweza kukiona mgeni, setingi zako zote kwishnei.

Kwa hiyo, kabla ya simu ya maana, zima kwanza bluetooth ya simu yako, maana hedifoni hizi zikimwona bwana wa zamani zinakimbilia huko. Kisha fungua setingi za sauti uchague pa kusikilizia na pa kuongelea, halafu rudia hivyo hivyo ndani ya programu. Ukiwa na maiki ya waya, chomeka hiyo, hedifoni uziache kwenye stirio. Zikikaidi, zifute kwenye kompyuta uziunganishe upya.

Waungwana wale walimpigia kwa simu ya kawaida, wakamaliza naye. Wamesema watamjulisha. Mpaka naandika hapa bado kimya, na hedifoni zangu kazifungia kabatini kwake. Ufunguo hanipi.