Anayefundisha wasioona afundishwe na asiyeona

MEZA YA JUMAPILI
Na Rehema Mbaruku

Shika sleti na stailasi, uandike neno "heri" kwa nukta nundu. Unaanzia kulia kwenda kushoto, kwa kuwa unatoboa karatasi kwa nyuma. Msomaji ataigeuza, kisha apapase nundu zilizotokeza upande wa pili. Kwa hiyo kila herufi huandikwa kinyume. Ukisahau kuzigeuza, h itasomeka j, e itasomeka i, r itasomeka w, na i ya mwisho itasomeka e. Ulikusudia kumtakia mtu heri, yeye amesoma "jiwe".

Makosa ya namna hiyo ndiyo chakula cha kila siku cha mwalimu anayerudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya elimu maalumu, mkondo wa wasioona. Mara nyingi ni mtu mzima mwenye familia, mshahara wake umeshagawanywa kabla haujaingia benki, na juzi tu alikuwa yeye anayesahihisha madaftari ya wengine. Afrika Mashariki fani hii si ngeni. Thika, Kenya, shule ya wasioona ya Jeshi la Wokovu ilianza mwaka 1946. Buigiri, Dodoma, ikafuata mwaka 1950. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha elimu maalumu hadi shahada za juu, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, Nairobi, na kwetu walimu wengi wa elimu maalumu wamepitia Chuo cha Patandi, Tengeru, mkoani Arusha.

Akishaizoea sleti, anakutana na mashine ya Perkins. Iliundwa na David Abraham, fundi na mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya Perkins huko Massachusetts, Marekani, na ikaanza kutoka kiwandani mwaka 1951. Ina vitufe 6 vya nukta na kimoja kirefu cha kuachia nafasi, nayo ni chuma kitupu cha uzito wa karibu kilo 5. Herufi moja ni vitufe kadhaa vinavyobonyezwa kwa pamoja. Kidole kimoja kikichelewa, nukta inapungua na herufi inageuka nyingine. Mashine mpya huuzwa kwa mamia ya dola, ndiyo maana wanafunzi huitumia kwa zamu na aliyekosa zamu mchana huirudia usiku.

Kisha inakuja hesabu. Abakasi iliyoboreshwa na Mmarekani Tim Cranmer, mwenyewe asiyeona, ina kitambaa kizito nyuma ya shanga ili zisiteleze mtoto anapozipapasa. Mwalimu mtarajiwa hujifunza kujumlisha, kuzidisha na kugawanya kwa shanga hizo, halafu hugeukia michoro. Ramani ya Tanzania huchorwa kwa uzi na gundi, Ziwa Viktoria likawa kipande cha kitambaa laini, na Mlima Kilimanjaro ukawa tabaka za karatasi zilizopandana. Somo la jiografia la dakika 40 linaweza kula jioni nzima ya maandalizi.

Bidii ipo, basi. Kasoro inaanza pale mwanafunzi anayeona anapogundua njia ya mkato: nukta nundu husomeka kwa macho. Unaweka taa pembeni ya karatasi, nundu zinatupa vivuli vidogo, unasoma. Wengi humaliza kozi kwa njia hiyo. Wanazijua herufi zote na wanaweza kusahihisha insha, lakini hawajawahi kusoma ukurasa mzima kwa vidole. Mwalimu wa aina hiyo atamwambiaje mtoto wa darasa la tatu kwamba anabonyeza kidole mno, au kwamba mkono wa kushoto ungetangulia kutafuta mstari unaofuata wakati wa kulia unamalizia uliopo?

Kwa upande wa kutembea mambo ni hayo hayo. Kozi nyingi duniani zina zoezi la kumfunga mwanafunzi kitambaa machoni, akapewa fimbo nyeupe na kuambiwa avuke uwanja wa chuo. Anajikwaa, anagonga nguzo, wenzake wanacheka, baada ya saa moja kitambaa kinafunguliwa. Wote wanasema sasa wameelewa maisha ya wasioona.

Hawajaelewa. Mwaka 2015 Arielle Silverman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye haoni, alichapisha na wenzake utafiti juu ya mazoezi ya namna hiyo. Walioigiza kutoona walitoka wakiamini kwamba wasioona hawawezi sana kufanya kazi wala kuishi kwa kujitegemea, kuliko walivyoamini wale ambao hawakufungwa macho. Sababu yake haina fumbo. Saa ya kwanza ya kutoona ni saa ya hofu na kupotea. Asiyeona aliyefundwa vizuri ameshaipita zamani. Mwalimu anayeibeba saa hiyo ya kwanza kama ndiyo picha kamili ataingia darasani na huruma nyingi na matarajio madogo, na mtoto atayahisi yote mawili.

Kitambaa chenyewe hakina hatia. Hatia ni ufupi wa muda na nani anayesimamia. Katika mji wa Ruston, jimbo la Louisiana, Chuo Kikuu cha Louisiana Tech hushirikiana na kituo cha mafunzo cha wasioona kilichoanzishwa mwaka 1985 na Joanne Wilson, mwalimu ambaye mwenyewe haoni. Huko wanafunzi wa uzamili wanaoona huvaa vifunika macho si kwa saa moja bali kwa miezi. Hutembea mjini kwa fimbo, husoma nukta nundu kwa vidole, hupika, na kwenye karakana hukata mbao kwa mashine. Wengi wa wanaowafundisha hawaoni. Hofu ya siku ya kwanza inapata nafasi ya kwisha, na kinachobaki ni ujuzi.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Fredric Schroeder, Mmarekani asiyeona, alimaliza masomo ya kufundisha wasioona kutembea katika Chuo Kikuu cha San Francisco State, kisha akanyimwa cheti cha kitaifa cha kazi hiyo kwa sababu haoni. Waliomnyima walidai kwamba mkufunzi lazima amwone mwanafunzi wake. Schroeder hakuacha kazi. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alimteua kuongoza idara ya shirikisho ya huduma za utengemao, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa rais wa Umoja wa Wasioona Duniani.

Hoja ile ya waliomnyima cheti bado inasikika hata kwetu: asiyeona atajuaje kwamba mwanafunzi anaelekea mtaroni? Jibu liko kwenye fimbo yenyewe. Mbinu inayofundishwa leo ilibuniwa na Richard Hoover alipokuwa akiwafundisha askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Pili: fimbo hupepea upana wa mabega, mguu wa kulia ukitangulia ncha hugusa kushoto, wa kushoto ukitangulia ncha hugusa kulia. Anayeijua kazi hii husikia mguso uliokosekana kabla mguu haujafika. Husikia lami ikiisha na mchanga ukianza, husikia ukuta ukikatika penye uchochoro. Njia hiyo ameshaipita mwenyewe kwanza, na hukaa hatua moja kutoka kwa mwanafunzi. Pale Kariakoo, penye mitaro isiyofunikwa na bodaboda zinazopanda hadi mlangoni mwa duka, mkufunzi anayetegemea macho anaweza kujua palipo na hatari asijue namna ya kumfundisha mtoto kuitambua kwa sikio na fimbo.

Haya si maombi ya kuwafukuza wahadhiri wanaoona. Baadhi yao wameijenga fani hii kwa miongo. Tunachodai ni kwamba kitivo kinachoandaa walimu wa wasioona kiwe pia na wasioona wanaofundisha, si wanaoalikwa siku moja kutoa ushuhuda na kupigwa picha.

Sheria imeshasema hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua nukta nundu na lugha ya alama, wakiwamo walimu wenye ulemavu. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Chuo kikuu ni mwajiri kama wengine, na kama ipo idara isiyo na kisingizio ni ile inayowafundisha walimu wa watu hao hao.

Gharama? Kubadili mtihani wa nukta nundu usomwe kwa vidole hakuhitaji bajeti mpya. Kunahitaji msimamizi aizime taa na kuwafunga macho watahiniwa. Mafunzo ya wiki kadhaa mfululizo chini ya mkufunzi asiyeona yanaweza kufanyika hata likizo, kwenye shule za wasioona zilizopo.

Lililobaki ni la wakuu wa vyuo. Tangazo lenu lijalo la kazi ya mhadhiri wa elimu maalumu liseme waziwazi kwamba wasioona wanakaribishwa kuomba, fomu zake zipatikane kwa nukta nundu, na siku ya usaili kila mwombaji, anayeona na asiyeona, apewe ukurasa mmoja ausome kwa vidole.