Mwanao Yuko Chuoni: Je, Ajua Kuogelea?

Mama mmoja wa upande wa Bahi ametuletea barua, nasi twaona yafaa tumjibu hapa, maana wazazi wengi wana shida kama yake. Asema hivi: "Mwanangu wa kwanza amepata nafasi ya chuo huko Mwanza. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukaa huko. Sasa aniambia kwamba Jumapili baada ya Misa huenda ziwani na wenzake. Wenzake wamezaliwa huko, waogelea kama samaki. Yeye hajui, nao humcheka na kumwita mtu wa nchi kavu. Ataka kujifunza. Mimi usiku sipati usingizi. Je, nimkataze?"

Mama mpenzi, pole sana. Jibu letu ni hili: usimkataze. Kijana wa miaka ishirini akikatazwa na mzazi aliye mbali, ataendelea kwenda, ila hatakuambia tena. Na anayeingia majini kwa siri ndiye azamaye bila mtu kujua. Lakini usimwache hivi hivi pia. Mpelekee maneno haya ayashike. Nawe uyasome pamoja na wadogo zake, kwa kuwa yawahusu hata ninyi mliobaki nyumbani.

MAJI YA BAHI

Najua wako watakaosema: "Sisi na kufa maji, wapi na wapi? Nchi yetu ni ya ukame. Shida yetu ni kupata maji ya kunywa." Neno hilo ladanganya. Bahi iko kando ya kinamasi kikubwa. Mto Bubu hushuka kutoka pande za Kondoa ukamwaga maji yake humo, nayo hayana njia ya kwenda baharini. Mwaka wa mvua haba kinamasi hukauka, na ng'ombe hupita katikati. Mwaka wa mvua nyingi huwa kama ziwa, watu wakapata mpunga na kambale.

Hatari yake ndiyo hiyo. Maji yanayokuja na kuondoka hayampi mtu nafasi ya kuyazoea. Mtoto wa Ukerewe huyaona kila siku, akajua tabia yake tangu utotoni. Mtoto wa Bahi huyaona kwa miezi michache, kisha hayapo tena. Tena mto waweza kushuka kwa nguvu hali mbingu ya Bahi ni nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha mbali, huko juu. Maji ya magotini tu, yakienda kasi, yaweza kumwangusha mtu mzima. Na lambo la kunyweshea ng'ombe lina kingo za tope. Mtoto akiteleza hana pa kushika.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana juu ya jambo hili kila mwaka. Basi si jambo la watu wa pwani na wa maziwa peke yao.

AIBU NI ADUI WA KWANZA

Mama, adui wa kwanza wa mwanao si ziwa, ni aibu. Kijana mkubwa, msomi, aona haya kusimama katika maji ya kiunoni akijifunza pamoja na watoto wadogo. Basi huwafuata wenzake penye kina, akijifanya ajua. Hapo ndipo msiba huanzia.

Tuna methali isemayo: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo ni njema kwa kazi ya shamba, ni njema kwa masomo pia. Lakini mtoni na ziwani msiifuate. Aliyekwisha kuvua nguo, akaona mawimbi yamekuwa makubwa au moyo wake umeingia hofu, avae nguo zake akae ukingoni. Hajashindwa kitu. Kesho maji yatakuwapo.

Mwambie habari ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Kijana huyu alikwenda kwenye michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, akiwa na miaka 22. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya hapo, katika bwawa dogo la hoteli. Bwawa la meta 50 aliliona mara ya kwanza alipofika Sydney. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake mbele ya maelfu ya watu. Meta 100 zilimchukua dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa mabingwa. Mwishoni alichoka, ikaonekana kama atazama, lakini watu walimshangilia mpaka akagusa ukuta. Hakuona haya kuonekana mwanafunzi. Lakini mwanao aangalie na hili: Moussambani alijaribu nguvu zake katika bwawa safi lenye waangalizi kando yake. Basi naye asiende kujijaribu ziwani peke yake.

AJIFUNZE KWA UTARATIBU

Kwanza atafute mwalimu na mahali. Aulize chuoni kama yuko mwalimu wa michezo ajuaye kufundisha kuogelea, au kama kuna bwawa karibu. Ikiwa hakuna ila ziwa, awaulize wenyeji juu ya mamba, viboko, mawe na mashimo. Achague mahali penye mchanga, maji yasiyopita kifua, na mtu ajuaye kuogelea asimame karibu akimtazama.

Somo la kwanza ni kupumua. Ajifunzaye hubana pumzi kwa hofu, na kwa hiyo hubabaika upesi. Atie uso majini, atoe pumzi pole pole kwa pua na kinywa, ainue kichwa, avute hewa. Arudie mara ishirini, mpaka aone ni jambo la kawaida.

Somo la pili ni kuelea chali. Masikio yawe ndani ya maji, kidevu na kifua juu, mikono wazi kama mtu aliyelala nyasini. Mwalimu amshike mgongo, kisha amwachie kidogo kidogo. Somo hili ndilo shina. Ajuaye kuelea aweza kupumzika akaita watu. Asiyejua hana hata nafasi ya kuita.

Somo la tatu ni kuteleza juu ya maji. Asukume ukingo kwa miguu, anyooshe mikono mbele na mwili uwe mnyofu kama fimbo. Kisha aongeze kupiga miguu, nguvu zikitoka nyongani wala si magotini. Mikono, na kupumua kwa upande, huja mwisho. Wengi huanza na mikono, ndiyo maana hupiga maji sana wasiende mbali.

Asishangae kuona kwamba yeye aliyezoea kulima kutwa ahema baada ya meta kumi tu. Si udhaifu, ni kwamba ashindana na maji badala ya kuyalalia. Aogelee kipande kifupi, apumzike mpaka pumzi itulie, arudie tena. Nusu saa, mara tatu kwa juma, yatosha kwa kuanza, akiongeza kidogo kila juma. Siku asizoingia majini atembee kwa haraka au akimbie. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, na mwanafunzi akaaye kitini kutwa ana haja nayo sana. Kuogelea hutumia mwili wote: mapafu, moyo, mabega na miguu.

Lini atajiita mwogeleaji? Mbele ya mwalimu, aingie maji yaliyompita kimo, aelee dakika moja, ageuke, aogelee meta 25, atoke bila kusaidiwa. Akiweza hayo yote katika bwawa, bado asijivune ziwani, penye upepo, mawimbi na majani. Asiogelee kamwe peke yake, wala usiku, wala akiwa amekunywa pombe. Pombe humpa mtu ujasiri na kumnyang'anya nguvu.

Jambo jingine ni kichocho. Katika maji yaliyotulia penye majani na konokono, vidudu vya kichocho hupenya ngozi. Ayaepuke maji ya namna hiyo. Na kama ameyaoga, aende hospitali akapimwe, maana dawa iko.

KATIKA VYOMBO VYA MAJINI

Kwa kuwa mwanao yuko Mwanza, huenda siku moja akapanda meli au kivuko. Tusisahau meli MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaua mamia ya watu. Wala tusisahau kivuko MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Nchi kavu ilionekana kwa macho. Basi chombo kikijazwa kupita kiasi, ashuke na kungoja kingine, hata nauli ikipotea. Na ajue liliko jaketi la kuelea. Kuogelea ni msaada, lakini hakuchukui nafasi ya jaketi.

NA BINTI ZETU JE?

Wengine hudhani kuogelea ni kwa wavulana tu. Lakini maji hayachagui. Wanaokwenda kisimani, mtoni na lamboni kila siku ni akina nani kama si mabinti zetu? Huko Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwafunika mwili kwa heshima, na wengine wao walianza kwa kushikilia madumu matupu ili waelee. Heshima haikupotea, na maarifa yalipatikana.

MTU AKIZAMA

Hapa nasema na nyumba yote. Mfa maji haachi kutapatapa, na kwa hiyo humkamata hata anayekuja kumwokoa, wakazama wote wawili. Tena mara nyingi hapigi kelele. Kichwa hurudi nyuma, kinywa huwa sawa na maji, mikono hukandamiza chini, na kwa muda mfupi sana ametoweka. Mtoto aliyenyamaza ghafula majini mtazameni upesi.

Piga kelele watu waje. Lala ukingoni umnyooshee fimbo au shuka. Kama yuko mbali, mtupie dumu tupu lililofungwa kamba. Usiingie ikiwa hukufundishwa kuokoa. Akitolewa, msimning'inize kichwa chini, wala msimkamue tumbo. Akiwa hapumui, mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mbaneni pua, mpulizeni kinywani pumzi mbili. Kisha mkandamizeni kifua katikati kwa nguvu mara 30, na tena pumzi mbili, bila kuacha, mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali. Mwombeni mganga wa zahanati awaonyeshe jambo hili kwa mikono, maana kusoma tu hakutoshi.

Basi, mama mpenzi, mwanao akija likizo, mpe kazi. Afunge dumu na kamba kwenye mti karibu na lambo la kijiji. Awaelekeze vijana waweke boma la miiba, watoto wadogo wasifike ukingoni peke yao. Awaonye wenzake wasivuke korongo lililojaa, bali wangoje lishuke. Hivyo elimu yake itawafaa hata wale ambao hawatafika Mwanza kamwe.

Na utakapozungumza naye tena, usimwulize kwanza, "Umekwisha kujua kuogelea?" Mwulize hivi: "Leo nani alikaa ukingoni akikutazama?" Akikujibu jina la mtu, lala usingizi wako. Akinyamaza, mwambie Jumapili ijayo akae nje ya maji mpaka ampate mtu huyo.