Sifuri Si Pengo: Maoni ya Mwalimu kuhusu Safu na Thamani Tupu

Mpendwa mtahiniwa, kabla hujaingia katika maswali ya sura hii, nakuomba usome maoni yangu. Ninafundisha huku Dirma, wilayani Hanang, na ninayoyasema hapa nimeyapata kwa kukosea mwenyewe. Hoja yangu ni moja: mwanafunzi anayejua kuandika kitanzi lakini hajui kutofautisha sifuri na pengo bado hajajua kutumia safu. Anaweza kuandika programu inayofanya kazi bila kosa lolote kuonekana kwenye kioo, na ikamwumiza mtu.

Nianze na kisa chenyewe. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Nilichoka kukokotoa wastani kwa kikokotoo, nikaandika programu fupi ya JavaScript katika kompyuta ya ofisi ya walimu. Kila mwanafunzi alikuwa na safu yake ya alama za masomo saba. Binti mmoja aliugua homa, akakosa karatasi mbili. Katika daftari nilikuwa nimeweka kistari kwenye nafasi hizo mbili. Katika programu niliandika null, yaani hapa hakuna kitu. Safu yake ilikuwa hivi:

let alama = [68, 72, 55, 61, null, null, 64];
let jumla = 0;
for (let i = 0; i < alama.length; i++) {
  jumla = jumla + alama[i];
}
let wastani = jumla / alama.length;

Programu ilitoa wastani wa 45.7. Sikushtuka, kwa sababu namba ilionekana ya kawaida. Nilichapa orodha, nikaibandika ubaoni. Binti aliyezoea kuwa miongoni mwa watano wa kwanza akajikuta chini ya katikati ya darasa.

Siku tatu baadaye baba yake alikuja shuleni. "Shikamoo, mzee," nikamwamkia. "Marahaba, mwalimu. Nimeona karatasi ya binti yangu. Nilikuwa niuze magunia mawili ya mahindi nilipie kambi yake ya maandalizi. Sasa naona kama amelegea. Bora mahindi yabaki nyumbani." Nilichukua daftari, nikakokotoa upya mbele yake. Jumla ya karatasi tano alizofanya ni 320. Gawanya kwa 5, unapata 64. Gawanya kwa 7, unapata 45.7. Binti hakuwa amelegea. Mimi ndiye niliyehesabu ugonjwa wake kama kushindwa.

Sasa tuangalie kwa nini kompyuta haikunionya. Katika JavaScript, ukijumlisha namba na null, lugha huigeuza null kuwa 0 kimyakimya. Kwa hiyo 256 + null ni 256. Jumla yenyewe haikuharibika. Kosa lilikuja wakati wa kugawanya, kwa sababu alama.length huhesabu nafasi zote saba, zenye kitu na zisizo na kitu. Nilijumlisha karatasi tano nikagawanya kwa saba.

Kama ningeandika undefined badala ya null, jibu lingekuwa NaN, yaani "si namba". Ukiingiza undefined mara moja tu katika jumla, jumla yote inageuka NaN hadi mwisho. Na kama ningeacha maandishi matupu, yaani "", alama ya kujumlisha ingegeuka kuwa alama ya kuunganisha maandishi: 256 ingekuwa "256", kisha 64 ikaungwa mwishoni kuwa "25664". Gawanya kwa 7, unapata wastani wa 3,666.3. Mwanafunzi mwenye wastani wa elfu tatu angechekesha ofisi nzima, na ningegundua kosa palepale. Ndiyo maana naiogopa null kuliko zile mbili. Zile hupiga kelele, null hukaa kimya na kukupa jibu linalofanana na kweli.

Wanafunzi huniuliza: kwa nini pawepo tupu mbili, null na undefined? Huwajibu kwa mfano wa zizi. Jioni mfugaji anahesabu ng'ombe. Akisema "sifuri", amefika zizini, ametazama, na hakuna ng'ombe hata mmoja. Hiyo ni habari kamili, tena habari mbaya. Akisema "bado sijahesabu, acheni wazi", hiyo ni null: mtu ameacha nafasi wazi kwa makusudi. Na kama hakuna aliyetumwa kabisa kuhesabu, ukiuliza unakuta hakuna jibu, hiyo ni undefined: hakuna aliyesema chochote kuhusu nafasi hiyo. Watatu hawa si sawa. Mfugaji anayesikia "sijahesabu" akaelewa "hakuna ng'ombe" ataamsha kijiji kizima usiku bila sababu.

JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, na inajulikana kwamba toleo la kwanza alilitengeneza kwa siku 10 hivi. Haraka hiyo imeacha alama. Ukiiuliza aina ya null kwa kutumia typeof, itakujibu "object", jibu ambalo limebaki hivyo hadi leo. Lakini tatizo la thamani tupu ni la zamani kuliko JavaScript. Mwanasayansi Mwingereza Tony Hoare aliingiza rejeleo tupu katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, na mwaka 2009 alisimama mbele ya wataalamu akakiri kwamba lilikuwa kosa lake lenye hasara ya dola bilioni moja. Mtu wa hadhi hiyo akikiri, mwalimu wa Dirma asione haya kukiri lake.

Nirudi kwenye kisa, maana sikuishia kosa moja. Usiku ule nilirekebisha programu kwa haraka. Nilitumia filter, amri inayochuja safu na kubakiza vitu vinavyotimiza sharti:

let zilizofanywa = alama.filter(x => x);

Binti akapata 64 yake. Nikalala kwa amani. Asubuhi kijana mmoja alikuja akiwa na furaha, wastani wake umepanda kutoka 35 hadi 40.8. Alama zake zilikuwa [41, 38, 0, 52, 35, 44, 35]. Ile 0 ilikuwa ya Hisabati, na ilikuwa ya kweli: alikaa chumbani saa zote akarudisha karatasi isiyo na jibu sahihi hata moja. Kichujio changu kiliifuta. Katika JavaScript, vitu vinavyohesabiwa kuwa "si kweli" mbele ya sharti ni pamoja na null, undefined, maandishi matupu, NaN na pia 0. Nilipochuja mapengo nilichuja na sifuri halali. Programu ikagawanya 245 kwa 6 badala ya 7.

Tazama ubaya wa makosa haya mawili. La kwanza lilimwadhibu asiye na hatia. La pili lilimpongeza aliyehitaji kuambiwa ukweli. Kijana yule alihitaji kujua kwamba Hisabati inamwangusha, ili akae na mwenzake jioni wafanye milinganyo. Badala yake nilimpa furaha ya uongo wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Ukiniuliza ni kosa gani kubwa zaidi, nitasema siwezi kuchagua.

Njia sahihi ni kuuliza swali unalolitaka hasa. Hatuulizi "je, kuna kitu chenye thamani?" Tunauliza "je, hii ni alama?"

let zilizofanywa = alama.filter(x => typeof x === "number" && !Number.isNaN(x));

Hapo 0 inabaki kwa sababu ni namba, null na undefined zinatoka, maandishi matupu yanatoka, na NaN inatoka. Kabla ya kugawanya, angalia pia kama zilizofanywa.length ni 0. Mwanafunzi ambaye hakufanya karatasi yoyote ana safu tupu, na 0 ikigawanywa kwa 0 katika JavaScript huleta NaN. Kumbuka pia kwamba safu tupu, [], mbele ya sharti huhesabiwa kuwa kweli. Usiandike if (safu). Andika if (safu.length > 0).

Wako walimu wenzangu wasiokubaliana nami. Husema: "Mwalimu, mkiweka pengo badala ya sifuri, wanafunzi watatoroka karatasi ngumu ili wastani usishuke." Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Mwanafunzi mjanja anaweza kufanya masomo matano anayoyapenda akajionyesha ana wastani mkubwa. Lakini dawa yake si kuandika uongo katika safu. Dawa ni kuonyesha namba mbili: wastani, na idadi ya karatasi alizofanya. Andika "64, karatasi 5 kati ya 7". Mzazi akisoma hivyo anajua aulize nini: "Zile mbili ulikuwa wapi?" Kama binti alikuwa mgonjwa, cheti kipo. Kama kijana alitoroka, adhabu ipo, na inatolewa na mwalimu wa nidhamu, haitolewi na alama ya kujumlisha.

Na si sisi peke yetu tunaotofautisha. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, hufanya hivyo katika matokeo yenu. Mtahiniwa aliyefanya masomo akapata pointi 34 au 35 katika masomo saba hupewa daraja 0. Asiyefika kwenye mtihani huandikwa ABS. Hakuna anayemwita wa pili kuwa amepata sifuri. Wote wawili hawana cheti cha kuonyesha, lakini habari zao ni tofauti, na hatua zinazofuata ni tofauti. Kama orodha ya taifa inaheshimu pengo, kwa nini safu ya darasa letu isiheshimu?

Ndiyo maana nasema sisi walimu tunakosea mpangilio. Tunakimbilia kufundisha push, pop na vitanzi, kwa sababu vinaonekana na vinapendeza. Thamani tupu tunaiacha ya mwisho, kama kuna muda. Mimi naona iwe somo la kwanza baada ya kujua kwamba nafasi katika safu huanza kuhesabiwa kutoka 0. Kwa kweli mambo hayo mawili yanaishi nyumba moja. Safu yenye vitu saba ina nafasi 0 hadi 6. Ukiomba alama[7], JavaScript haitakugombeza, itakupa undefined. Ukiandika i <= alama.length badala ya i < alama.length, kitanzi kitachukua undefined hiyo na jumla yako itakuwa NaN. Ukitumia delete alama[2], nafasi haifungwi, inabaki shimo, na length inabaki ileile. Ukitaka kitu kiondoke na vingine visogee, tumia splice. Mengi ya makosa ninayosahihisha katika madaftari yenu yanatokana na pengo ambalo mwandishi hakujua kwamba lipo.

Namalizia na onyo moja, lisije likakupotosha chumbani. Nimesema pengo si sifuri. Ni kweli katika safu. Katika karatasi yako ya mtihani wa taifa mambo ni mengine: uko chumbani, jina lako lipo, na swali uliloliacha wazi halikuletei alama yoyote. Msahihishaji hana null ya kukuwekea. Jibu baya halikupunguzii alama katika mtihani huu, kwa hiyo usiache nafasi tupu. Andika hatua ya kwanza, andika kanuni, andika unachokijua. Mapengo waachie wagonjwa.

Binti yule alikwenda kambini. Magunia mawili yaliuzwa mnadani Katesh. Orodha mpya niliibandika mwenyewe juu ya ile ya zamani, nikaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Kosa lilikuwa la mwalimu."

Jipime
1. Safu ni [50, null, 70, 0]. Tafuta wastani kwa kuheshimu pengo na sifuri. (Jibu: 40)
2. Eleza kwa nini [50, undefined, 70] ikijumlishwa kwa kitanzi cha kawaida huleta NaN, wakati [50, null, 70] huleta 120.
3. Rafiki yako ameandika alama.filter(x => x). Mweleze kwa sentensi mbili ni mwanafunzi gani darasani kwenu atadanganywa na mstari huo.